Mkono wa Masouda

Mahfoudh alikuwa na habari mdomoni tangu asubuhi, lakini alimwacha Thani asali Adhuhuri kwanza. Alimkuta ghalani Matrah, bandari ya Maskati, amekaa juu ya gunia la ndimu kavu, anaandika alama kwenye mizigo ya tajiri wake. Akamsalimu. Akaulizwa za Mombasa, akajibu njema. Akaulizwa za watu wa Unguja, akasema, "Wanakusalimu. Hebu twende msikitini, adhana hiyo."

Na adhana ilikuwa bado.

Thani alijua. Mtu aliyeshuka melini jana, chumvi ya safari bado iko nguoni, hamhimizi mwenziwe kwenda kusali kabla ya wakati ila ana jambo. Hata hivyo hakuuliza. Alitia udhu taratibu, kila kiungo akakirudia mara tatu kama anayeogopa kumaliza. Sala ilipokwisha, Mahfoudh alisogea mkekani mpaka magoti yao yakagusana.

"Thani ndugu yangu, sote ni wa Mwenyezi Mungu."

"Mama?"

"Mama. Ijumaa ya mwisho ya mfungo nane. Walimzika baada ya Laasiri, na watu walikuwa wengi, alhamdulillahi."

Thani akasema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Akaisema mara ya pili. Kisha akauliza jambo ambalo Mahfoudh hakulitegemea.

"Alikufa akijua kama sijampata?"

"Alijua. Lakini hakukata tamaa, wallahi. Barua hii aliiandikisha siku mbili kabla."

Ilikuwa mwezi wa Rajab, mwaka 1970, majira ambayo mambo ya nchi yalikuwa ndiyo kwanza yamebadilika na njia za kuingia Maskati zimeanza kufunguka. Kila meli ilileta watu wa Unguja, na kila mtu alileta barua. Hii ya Thani ilikuwa kipande kimoja cha karatasi, Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa mkono wa jirani, kwa kuwa mama hakuwa na nguvu tena ya kushika kalamu. Baada ya salamu ilisema hivi: "Thani mwanangu, mtafute mwenzio, usichoke. Ukimpata mwambie nimemridhia duniani na akhera. Mwambie mkono wake nimeupokea."

Thani aliisoma mara tatu. Radhi aliielewa. Mkono hakuuelewa.

"Mkono gani huu, Mahfoudh?"

"Mie n'lipewa barua tu, bwana. Sikupewa tafsiri."

Huyo aliyekuwa anatafutwa ni Masouda, dada yake Thani, mtoto wa pili na wa mwisho wa Bi Muhsina binti Harub wa Vikokotoni, Unguja mjini. Yalipotokea mapinduzi ya Unguja, Januari ya mwaka 1964, Masouda alikuwa na miaka tisa. Thani alikuwa Mombasa. Alikuwa amemaliza skuli ya sekondari mwaka uliotangulia na kupata kazi ya ukarani, na hakuwahi kuziona siku zile kwa macho yake. Alihadithiwa tu. Alihadithiwa kuwa baba yao, Amur, alitangulia mbele ya haki katika wiki ya kwanza. Alihadithiwa kuwa mama hakuweza kuondoka kwa sababu mama yake mwenyewe, bibi yao, alikuwa kitandani hajiwezi hata kugeuka. Na kwamba ilipopatikana meli ya kuwachukua watu kwenda Maskati, mama alimkabidhi Masouda kwa jirani yao, Mzee Marhoon, mtu mzima mcha Mungu, ili mtoto angalau awe mahali pa salama mpaka yeye atakapomfuata.

Mama hakumfuata. Bibi aliishi miaka minne mingine, kila mwaka wakisema huu wa mwisho. Alipokufa bibi, ruhusa ya kusafiri haikupatikana. Ilipokaribia kupatikana, maradhi yakamshika mama mwenyewe.

Basi mwaka 1967 Thani aliacha kazi Mombasa, akapanda meli kwenda Maskati kwa jambo moja tu. Alikuwa na miaka ishirini na mbili na alidhani kazi yenyewe itachukua wiki. Mji si mkubwa. Watu wa Unguja wanajuana. Siku yake ya pili alisimama katikati ya soko la Matrah, akamwuliza muuza halwa kwa sauti ya Vikokotoni, ile ya kusikika ng'ambo ya pili ya mtaa, "Mzee wangu, namtafuta dada yangu, anaitwa Masouda, mama yetu Muhsina!"

Waliokuwepo wote wakatazama chini. Muuza halwa akafuta mikono, akamvuta kando.

"Kijana, umetoka wapi?"

"Unguja."

"Nimesikia. Hapa mtu hasimami sokoni akataja jina la mama yake na dada yake kama anayenadi samaki. Sema, namtafuta mtoto wa fulani bin fulani, wa kabila fulani. Watu watakusaidia."

Thani aliona haya mpaka masikio yakamuwaka moto. Adabu ile aliishika tangu siku hiyo, akaishika kuliko wenyewe wenyeji. Miaka mitatu alimtafuta mtoto wa Amur. Aliuliza forodhani, aliuliza misikitini, aliuliza kwa masheikh wa kabila lake. Mtoto wa Amur hakuna aliyemjua. Aliuliza pia habari za Mzee Marhoon, na hapo akapata jibu.

"Marhoon wa Unguja? Allah amrehemu. Joto la mwaka ule lilimmaliza, hata miezi minne hakutimiza. Alikuwa na binti yake tu. Wamemchukua jamaa zake, wako Sib."

Sasa Marhoon alikuwa kweli na binti, Sayyida, rika moja na Masouda. Wakicheza pamoja barazani Vikokotoni. Thani akahesabu kuwa huyo aliyeko Sib ni Sayyida, na kwamba Masouda hakushuka Maskati, bali amepelekwa mbele na watu wengine. Akaandika barua Dubai, akaandika Kuwait, akaandika Bahrain. Jina la huyo binti wa Marhoon hakuuliza. Mtu haulizi jina la binti wa watu. Wala Thani hakumwandikia mama kuwa Marhoon amekufa, kwa kuwa aliona ni kumwongezea mgonjwa homa juu ya homa. Laiti angemwandikia, mama angemjibu kwa mstari mmoja kuwa Sayyida hakusafiri kamwe. Alibaki kwa mama yake, Vikokotoni, na kila Ijumaa alikuwa akija kumsomea Bi Muhsina Yasini.

Hivyo ndivyo mtu na dada yake walivyokaa miaka mitatu mwendo wa asubuhi moja kwa gari, kila mmoja akimwomba Mungu amkutanishe na mwenzake.

Khitma ya mama ilisomwa siku ya tatu, katika nyumba aliyopanga Thani, vyumba viwili na ua. Wanaume walikaa uani juu ya majamvi, wanawake chumba cha ndani nyuma ya pazia, na Waunguja wote wa Matrah walikuja, hata wale ambao hawakumjua marehemu. Waliijua Vikokotoni, na hilo liliwatosha. Misahafu iligawanywa kwa juzuu. Walipohitimisha, sheikh aliyeongoza dua akamwinamia Thani.

"Marehemu tumtaje kwa jina gani?"

Thani akasita. Akasema kwa sauti ndogo, "Mama wa Thani bin Amur."

"Mwanangu, tunamwombea mbele ya Mola wake. Mtaje."

Ndipo Thani alipoliinua jina la mama yake, mara ya kwanza tangu siku ile ya muuza halwa, na lilitoka kwa nguvu kuliko alivyokusudia. "Muhsina binti Harub! Muhsina wa Vikokotoni!"

Dua ikaombwa, watu wakaitikia amin. Kahawa ilikuwa haijamalizika kuzunguka, pazia la chumba cha ndani lilipotikiswa na sauti ya mwanamke mzima ikaita, "We Thani! Njoo hapa!"

Alikuwa Bi Hamdiya, mshoni. Mama huyu alijulikana na kila nyumba iliyokuwa na bi harusi, kuanzia Maskati mpaka huko Batina, maana ndiye aliyekuwa akitia nakshi suruali za wanawake, na kazi yake ilimpeleka majumbani akakaa humo wiki nzima nzima.

"Mama yako ndiye Muhsina aliyekuwa akioka vileja? Mrefu, akitembea kama anayehesabu hatua?"

"Ndiye, bibi."

"Mbona hukusema?"

"Kusema nini?"

"Kusema jina, mwana wewe! Kuna mtoto Sib, nyumba ya Bi Bakhita. Wamwita binti Marhoon. Mwaka jana n'lishona pale siku nane. Nkamuuliza, mwanangu, mamako nani? Akan'ambia, mama yangu Muhsina wa Vikokotoni, mwoka vileja, akan'onyesha na urefu wake na mwendo wake. Mie nkasema moyoni, kumbe mke wa Marhoon akiitwa Muhsina, nkaendelea na sindano yangu."

Thani alilishika pazia. "Jina lake yeye? Jina lake nani, bibi?"

"Masouda."

Bi Hamdiya akaendelea, machozi yanamshuka na ulimi haukatiki. "Nyie wanaume mwatafuta mtu kwa kabila, kwa babu, kwa babu wa babu, utasema mwanunua farasi! Sisi wanawake tungeulizwa jina, ungempata kabla hujafungua sanduku lako."

Asubuhi ya pili tajiri wake Thani alitoa gari, Landrova iliyokuwa ikichukulia mizigo, na dereva wake. Mahfoudh alikwenda, na Bi Hamdiya akasema gari haitoki bila yeye. Walipita Qurum, vibanda vichache vya wavuvi na mikoko, kisha wakaingia mchangani. Kila gurudumu lilipozama Bi Hamdiya alimtolea dereva maneno.

"Baba, waendesha au walima?"

"Mama, barabara hakuna."

"Barabara hakuna, na macho je?"

Mahfoudh alicheka. Thani hakusikia. Alikuwa na barua mfukoni, na jambo moja lilimkaa kifuani kama jiwe: mtoto huyu amemngojea mama miaka sita, naye ndiye anayekwenda kumwambia asingoje tena. Alimwomba Mungu amtie maneno mdomoni. Aliyapanga, yakapangukapanguka.

Bi Bakhita aliwapokea mlangoni, mjane wa binamu yake Marhoon, mwanamke mkavu mwenye sauti ya chini, hana Kiswahili. Aliwakaribisha, akawaletea tende na kahawa, na hakuuliza lolote mpaka wageni walipotikisa vikombe kuonyesha kuwa wametosheka. Thani akamweleza kwa Kiarabu. Alipolitaja jina la mama, Bi Bakhita aliweka dele la kahawa chini.

"Miaka sita nimemlea," akasema. "Anachota maji kabla sijamwambia. Anaanika dagaa, anasuka, anasoma Qurani vizuri kuliko wanangu. Lakini hajaniita mama hata siku moja. Nilidhani ana kiburi." Akainuka. "Kumbe alikuwa na mama."

Akaenda ndani, akageuka mlangoni. "Hampi mtu mkono huyu. Tangu alipokuja. Akisalimia anaweka mkono kifuani. Msidhani hana adabu."

Masouda alitoka akiwa amejifunika. Alikuwa na miaka kumi na tano. Thani alimwacha ana jino limeng'oka, na hakujua angemtambuaje. Lakini paji lile la uso lilikuwa la mama mtupu, na ule mkunjo katikati ya nyusi, kama mtu anayejaribu kukumbuka alipoweka ufunguo. Alisimama hatua tatu mbali. Akaweka kiganja kifuani.

"Kaka Thani," akasema. Hakuuliza. Alisema kama anayesoma, taratibu, Kiswahili chake kimeota kutu.

"Umenijua!"

"N'nakutaja kila baada ya sala. Baba Amur, mama Muhsina, kaka Thani. Ili n'sisahau." Akatazama nyuma ya Thani, mlangoni, kisha usoni kwa Bi Hamdiya, ambaye aliinamisha kichwa. "Mama hakuja?"

Maneno yote aliyoyapanga njiani yalimpotea. "Mama ametangulia, Masouda. Mwisho wa mfungo nane."

Hakulia. Aliketi pale pale, juu ya mkeka wa ukindu, akajikunjia mikono kwapani. Midomo yake ikamrehemu mama bila sauti. Bi Bakhita alikuja akaketi nyuma yake, akamwegemeza.

"Kwa nini hukuwaambia kuwa wewe ni binti Amur?" Thani akauliza, si kwa lawama, ila kwa uchungu. "Nimekuzunguka miaka mitatu."

"Mzee Marhoon alin'ambia melini. Walioshushwa ni wenye jamaa wa kuwajua, na sisi wa baba Amur, jamaa zetu hakuna aliyejua wako wapi. Akan'ambia, ukiulizwa wewe binti yangu, mpaka mama aje. Mama akawa haji. Mimi n'lishamkhalifu mama mara moja. Nkaogopa mara ya pili."

"Ulimkhalifu lini, mtoto wa miaka tisa?"

Badala ya kujibu akauliza yeye. "Alisema nini juu yangu? Kaka, usinifiche. Alikasirika?"

Ndipo Thani alipotoa karatasi. Aliisoma kama ilivyo, hakuongeza wala hakupunguza. Mtafute mwenzio, usichoke. Nimemridhia duniani na akhera. Mwambie mkono wake nimeupokea.

Masouda alisema, "Isome tena." Akaisoma tena. Hapo ndipo kilio kilipomtoka, kilio cha mtoto, si cha msichana wa miaka kumi na tano, na Thani hakumkataza. Alilia naye.

Alipotulia, alinawa uso, wakasali Adhuhuri pamoja, Thani akiongoza na wanawake nyuma. Baada ya sala alimwomba Mola amrehemu mama yao na alijaalie kaburi lake nuru. Masouda akaitikia. Kisha, akiwa bado amekaa juu ya mkeka wa sala, akawasimulia habari ya ule mkono, na alivyoisimulia ndivyo inavyosimuliwa katika nyumba yao mpaka leo.

Alisema asubuhi ile mama alimvisha magauni mawili, moja juu ya jingine, akamwambia wanakwenda bandarini kutazama meli. Njiani Mzee Marhoon alikuwa mbele na mzigo wake. Walipofika, Masouda aliona mzigo wake mwenyewe juu ya bega la mzee, akafahamu. Aliuliza, nawe mama huendi? Mama akasema, nitakuja. Akauliza, lini? Mama akasema, Mungu akipenda, bibi yako akipata nafuu. Masouda akasema, basi nami nangoja apate nafuu. Mama akasema haiwezekani.

Watu walianza kupanda. Mama akampa kifurushi cha vileja, akakikataa. Mzee Marhoon akakipokea. Mama akanyoosha mkono, akasema, nipe mkono mwanangu tuagane, nikupe na radhi zangu uende nazo. Masouda akaficha mikono yote miwili nyuma ya mgongo. Mama akangoja. Akasema tena, nipe mkono. Masouda akatikisa kichwa. Mama hakumpandishia sauti wala hakumshika kwa nguvu. Alitazama chini, akaona kiatu cha mtoto kimefunguka. Akainama, akapiga goti pale chini, akamshika kisigino, akamfunga kiatu. Alikifunga polepole. Alipomaliza hakuuachia mguu papo hapo, aliushika kama mtu ashikavyo mkono wa kuagana. Kisha akasimama, akasema, "Haya, kaza mwendo, jua litakuwa kali."

Masouda akapanda. Hakugeuka.